Mkebe wa Mama Mkwe

Mume wangu Jeconia Opiyo alikuwa fundi mzuri wa injini, na shida ni kwamba alijua. Ungemsalimia habari ya asubuhi, naye angekujibu habari ya pistoni. Mimi nilikubali kuolewa naye nikidhani nimepata mwanamume wa maneno machache, maana siku aliyokuja kwetu kunichumbia hakufungua mdomo. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba alinyamaza kwa sababu mama yangu alikuwapo. Mbele ya mama mkwe, Jeconia alikuwa bubu. Kwingine kote alikuwa redio.

Tuliishi Ruiru, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba moja la kahawa, siku zile za hali ya hatari ambapo ukitaka kwenda hata Thika kununua sabuni lazima uwe na barua ya ruhusa. Chumba kilikuwa kimoja na familia mbili. Katikati tulitundika blanketi la jeshi ambalo Jeconia alirudi nalo kutoka vita vya Burma. Upande mmoja sisi, upande wa pili Munyao, fundi mwenzake, na mkewe Ndunge, Wakamba wa huko chini Ngoliba. Sisi tulikuwa na dirisha, wao walikuwa na mlango. Kwa hiyo tukitaka kutoka ilibidi tupige hodi kwao, nao wakitaka hewa watuombe. Tulipatana hivyo hivyo. Blanketi lile lilizuia macho tu. Masikio yalikuwa ya wote.

Sasa nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, tumbo limeshafika mlangoni kabla yangu, na mama alikuwa ametuma habari kwamba anakuja kunipokea mtoto. Nilifurahi, halafu nikaketi nikalia. Kwetu Waluo mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake, na kitanda chake hataki hata kukiona. Nilipomweleza Ndunge nikidhani atacheka, alinishika mkono. Kwao ni vile vile. Munyao akimwona mama yake Ndunge kwa mbali barabarani, anaacha baiskeli na kuingia katikati ya kahawa.

Na nyumba ilikuwapo. Hilo ndilo lililoniuma. Karani alikuwa amehamishwa, akaacha nyumba ya mabati yenye vyumba viwili, na jiko lake pembeni lenye mlango wake na komeo lake. Nilikuwa napita pale kila siku nikienda kuchota maji na kuchagua mama atalala pembe gani ya jiko lile. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyoutaka ule mlango wenye komeo.

Mwenye shamba, Bwana Harker, naye alikuwa na ugonjwa wake: mbio za magari. Yeye na mkewe, Memsahib, walikuwa wanabishana tangu Krismasi nani kati yao ndiye dereva. Klabu ya wazungu ilipotangaza mbio za kutoka Ruiru hadi Thika na kurudi, Bwana akaita mafundi wake wawili karakana, mbele ya magari mawili madogo ya viti viwili, yanayofanana kama mayai.

"Opiyo, wewe natengeneza hii yangu. Munyao, wewe natengeneza ya Memsahib," akasema kwa Kiswahili chake. "Gari nashinda, fundi yake napata nyumba ya karani."

Jioni ile pande zote mbili za blanketi hazikuongea. Hapo tu ndipo nilipojua jambo ni zito.

Jeconia alianza kwa kukwangua kichwa cha injini ili ibane hewa zaidi na kutoa nguvu zaidi. Nguvu aliipata. Siku ya kwanza ya kujaribu, gari liliruka hadi geti la shamba kama limeumwa na nyuki, kisha likatoa mlio mmoja wa kutisha na kunyamaza. Alirudi nyumbani na pistoni mfukoni. Juu yake palikuwa na tundu la kupitisha kidole, limeyeyuka pembeni.

"Imeungua," akaniambia kwa sauti ya msiba. "Moto iko juu, chini hakuna kitu ya kuipoza."

"Na mimi nimeshinda juani, mbona huniulizi kama nimeungua?"

Hakunisikia. Alichukua sufuria yangu, ile nzuri ya ugali, akaifudikiza juu ya pengo la mbao za meza na kuwasha makaa juu ya tako lake. Akalala chali chini ya meza, akawa anarusha mafuta ya kupikia ndani ya sufuria kwa bomba la baiskeli. "Ona! Moto inakula juu, mafuta inapiga chini, inabeba joto inarudi nalo! Pistoni ni hii sufuria! Nikitoboa tundu ndogo kwa ule mkono wa pistoni, oili itaruka yenyewe, injini ikizunguka!" Mafuta yalikuwa yanamdondokea usoni na alikuwa na furaha ya mtoto. Sufuria ilipinda tako na haikukaa sawa tena, mwishowe tukaipa kuku.

Kutoka upande wa pili wa blanketi sauti ya Munyao ikaja polepole. "Opiyo. Hiyo oili ukiirusha yote juu, vyuma vya chini vitakunywa nini?"

"Wewe lala!"

"Na itapita ringi za pistoni, iungue, utoe moshi kama kiwanda. Pistoni haitaki kuoga. Inataka nafasi. Mpe nafasi kidogo pembeni, atapumua."

"Pistoni kupumua! Ndunge, mumeo amekunywa?"

"Mimi niko hapa nasuka kiondo," akajibu Ndunge, "na pistoni sijui hata ni mnyama gani."

Ubaya ni kwamba Munyao alisema kweli nusu. Jeconia alitoboa tundu lake kubwa mno, na gari likatoka karakana likimwaga moshi wa buluu hadi wachuma kahawa wakakimbia wakidhani ni dawa ya wadudu. Akaliziba, akaanza upya kwa msumari mwembamba kama sindano, na safari hii moshi ukakoma. Akaimba kwa sauti, upande wa pili wasikie. Lakini oili ya kawaida ilikuwa inachemka na kuwa nyepesi kama maji. Akakumbuka kwamba kule Burma palikuwa na sajini mmoja wa pikipiki za mbio ambaye hakutia kitu kwenye injini yake ila mafuta ya mbarika. Yanashikilia chuma hata kwenye moto, alisema. Kwa duka la Mhindi yaliuzwa kwa vichupa vidogo, ya kuendeshea tumbo. Akanituma nimwambie mama aje nayo kutoka nyumbani. Mengi.

Mama alikuja na treni hadi Ruiru, na mikebe miwili ya galoni kichwani, mmoja juu ya mwingine. Mkebe mmoja ulikuwa wa samli, ya kunilisha mimi nikinyonyesha, kazi ya msimu mzima wa kukamua na kutikisa kibuyu. Wa pili mbarika. Aliutua, akanitazama tumbo, akauliza, "Mtoto wa kupakwa galoni nzima, atakuwa mkubwa kiasi gani?" Nilishindwa kueleza kwamba ni ya gari.

Siku hiyo hiyo Jeconia alikunja mkeka wake akaenda kulala karakana. Munyao naye akakunja wake, maana kwa adabu yake mama mkwe wa jirani ni mama mkwe tu, blanketi au hakuna blanketi. Mafundi wawili wanaogombania nyumba moja wakawa wanalala kati ya magari mawili, na kwa alivyosimulia Munyao, Jeconia aliongea habari ya pistoni hata usingizini.

Asubuhi ya mbio nilikuwa nimekwenda kisimani na Ndunge. Jeconia akaja kuchukua mafuta yake. Alimkuta mama peke yake chumbani. Hapa ndipo mambo yalipoharibikia, na nitayasema kama yalivyokuwa kwa sababu nimeyasikia kwa wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake.

Jeconia hakuingia. Alisimama nje, akageuka, akaupa mlango mgongo, na akaingiza mkono mmoja ndani kwa nyuma. Sasa alitakiwa aseme anataka mkebe upi. Lakini mbarika ni dawa ya kuendesha, na mwanamume mwenye heshima zake hawezi kusimama mlangoni kwa mama mkwe asubuhi na kutaja kitu cha kuendesha.

"Mama," akasema akiutazama mti, "naomba ule mkebe wa mafuta."

Mama naye alikuwa amegeukia ukuta. Mawazo yake yalikuwa haya: leo wanaume wana sherehe, mkwe ameomba mafuta, watapika. Mwanamume gani ataomba ya kupaka mtoto? Na mkwe akiomba kwa mara ya kwanza, huwezi kumbania. Akachukua samli, kazi ya msimu mzima, akarudi kinyumenyume, na kuutia mpini wa mkebe kwenye mkono ule. Walikuwa wamepeana migongo wote wawili. Wakashukuriana kwa kukohoa.

Samli ilikuwa imelala karibu na moto, kwa hiyo ilikuwa maji, rangi ya dhahabu, na mbarika nayo ni hivyo. Jeconia alipofungua kifuniko karakana, harufu ikampanda puani. Alisimama kidogo. Akajiambia kwamba mama alitumia mkebe uliokuwa wa samli bila kuuosha vizuri. Angeweza kuuliza. Lakini umuulize mama mkwe wako kama anajua kuosha vyombo? Akaimimina yote ndani ya injini, akafunga.

Magari yaliondoka kwa vumbi na kelele, Bwana na Jeconia kwenye moja, Memsahib na Munyao kwenye lingine. Mimi nilikuwa mlangoni kwa Ndunge, nimeshika kiuno, maana mgongo ulikuwa unaniuma tangu usiku. Mama alikuwa anataka kuniungia mboga. Akafungua kwa mazoea mkebe uliobaki, akanusa mbarika, akakumbuka samli aliyompa mkwe asubuhi.

"Perez," akaniambia. "Mume wako anapika nini na samli yangu?"

Nilielewa papo hapo. Nilimweleza injini, pistoni, nyumba, komeo, yote, nikilia, na mama akanisikiliza akiwa bado ameshika kifuniko. Kisha akasema basi, wiki nzima huyu mtoto anatuchezea, na kilichobaki mkononi nacho kina kazi yake. Akaninywesha vijiko vya mbarika, maana mbarika huita uchungu wa kuzaa. Sitaki kukumbuka ladha. Lakini kabla jua halijafika juu ya paa uchungu ulikuwa umenishika, na Ndunge alikuwa anachemsha maji.

Ya barabarani nilisimuliwa. Wanasema gari la Bwana halikuwa limewahi kwenda vile. Samli ilikuwa inaruka chini ya pistoni kama Jeconia alivyopanga na kurudi na joto lote, na injini ilipopata moto kabisa, ikaanza kunukia. Palipo na kizuizi karibu na Juja askari walikuwa wamefungua njia kwa ajili ya mbio, na mmoja wao akapiga kelele kuuliza kama wamebeba chapati. Pale Witeithie mbwa walitoka kila boma. Walifuata gari hadi ulimi ukagusa vumbi, na waliochoka walipokewa na wengine mbele. Kule Thika, kwenye daraja la kugeuzia, watoto walizunguka bomba la moshi na kufumba macho.

"Opiyo!" Bwana akapiga kelele. "Hii oili gani nanuka kama breakfast?"

"Siri ya fundi, Bwana!" Jeconia akajibu. Alikuwa bado anaamini ni mkebe mchafu, ila jasho lilianza kumtoka.

Memsahib alikuwa mbele. Lazima niseme ukweli, yule mama alikuwa dereva kuliko mumewe. Lakini njiani kurudi, kwenye mwinuko baada ya Witeithie, pistoni za Munyao, ambazo zilipewa nafasi ya kupumua lakini hazikupewa cha kuzipoza, zilivimba kwa joto na kukwama. Gari likasimama kama punda. Bwana akampita mke wake akimpungia kofia, jambo ambalo mpishi wake alituambia baadaye kwamba lilimgharimu chakula cha moto kwa muda mrefu.

Mwanangu alilia kwa mara ya kwanza wakati gari linaingia getini, na mbwa nyuma yake. Mvulana. Nilisikia harufu ya samli ikiingia dirishani kabla ya kusikia honi. Mama alikuwa amemshika mtoto. Akavuta pumzi ndefu, ya mtu anayemtambua mtu wake kwenye umati.

"Inakuja," akasema.

Nje Jeconia alikuwa juu ya boneti akihubiri. Mafuta ya mbarika! Kutoka kwa mama mkwe! Tundu la sindano! Mama alimsikia neno kwa neno na hakutoka. Angetokaje? Kumsahihisha mkwe mbele ya watu?

Siku ya pili ndiyo ilikuwa siku ya kuuawa. Ilikuwa Julai, ile baridi ya Ruiru yenye ukungu unaokaa juu ya kahawa hadi saa nne. Bwana alileta wageni wa klabu waone injini. Akapiga stata. Injini ikasema "ng'u", ikanyamaza. Akapiga tena. Hata hiyo "ng'u" hakuipata. Memsahib alikuwa amesimama pembeni na mikono kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu jana alikuwa anatabasamu.

"Opiyo," Bwana akasema polepole. "Kama injini yangu nakufa, hakuna nyumba."

Jeconia alikuwa ameganda kuliko injini, maana mbarika haigandi kwa baridi, samli ndiyo huganda. Munyao ndiye aliyelala chini ya gari akafungua nati ya kutolea oili. Halikutoka tone. Akaingiza kidole, kikarudi kimevaa kitu cha manjano. Akanusa. Akalamba. Jeconia aliinama chini ya gari kumtazama.

"Opiyo," Munyao akanong'ona, "hii ni samli."

"Najua."

"Iko nini?" Bwana akauliza kutoka juu.

Fikirieni. Munyao alikuwa na nyumba kwenye kidole. Angesema neno moja tu, fundi mwenzake ametia kitoweo kwenye gari la mbio, na mlango ule wenye komeo ungekuwa wa Ndunge. Aliniambia mwenyewe kwamba alilifikiria neno hilo na likamjia hadi kwenye meno. Halafu akaona mkeka wake kwenye pembe ya karakana, na mkeka wa Jeconia ubavuni pake. Akafikiri: nikipata nyumba mimi, huyu atabaki kambini na mke, mtoto na mama mkwe, na atalala wapi? Atakuja kwangu na pistoni zake.

Akatambaa akatoka, akajifuta suruali. "Bwana, hii ni oili ya mbio," akasema. "Yeye hapendi baridi. Usiku nakuwa ngumu. Asubuhi lazima weka jiko ya makaa chini kwanza, yeye naamka."

Wakaleta jiko. Wakasubiri. Samli ikayeyuka, injini ikazunguka, ikaimba, na karakana yote ikanuka kama harusi. Bwana akawageukia wageni na kuwaeleza kwa Kizungu, kwa mikono miwili, na wao wakatikisa vichwa kukubali. Nasikia mpaka Nairobi kulikuwa na wazungu walioweka makaa chini ya magari yao mwaka ule. Memsahib peke yake ndiye aliyeinama, akanusa, akamtazama Jeconia kwa muda mrefu. Baadaye akamtuma mpishi kuja kuuliza kama kuna iliyobaki.

Tulihama siku hiyo hiyo. Mafundi waliiosha injini kwa mafuta ya taa kimya kimya na kutia mbarika ya kweli, ile niliyoachiwa. Mama akalala kwenye jiko lake, akafunga komeo lake, na mimi nililala na mtoto wangu nikilisikia komeo lile likiingia mahali pake. Nililia tena, safari hii kwa raha.

Lakini jioni moja tulipokuwa tumekaa kungoja chakula, Jeconia aliinua kichwa akauambia ukuta, "Munyao, na hiyo nafasi yako ya pembeni, tukiichanganya na tundu yangu?"

Ukuta haukujibu. Akangoja, kwa mazoea. Kisha akachukua kofia yake akatoka bila kuaga, na mimi nilijua anakokwenda kwa sababu hata mimi nilikuwa nimemkumbuka Ndunge tangu asubuhi. Nikamfunga mtoto mgongoni nikafuata.

Ndunge hakuwa ameliondoa blanketi. Alisema chumba kilikuwa kikubwa mno. Jeconia na Munyao walikuwa wamekaa upande wetu wa zamani, upande wa dirisha, wanachora pistoni sakafuni kwa makaa. Mimi na Ndunge tulikaa upande wa mlango. Hatukuwa tumekaa sana mlango ukafunguliwa, mama akaingia, maana naye hakutaka kubaki peke yake na mabati. Akaketi karibu na mlango na kunyoosha miguu.

Nyuma ya blanketi Jeconia alikuwa amenaswa. Mlango ulikuwa upande wa mama mkwe, na dirisha, hata Munyao aliyekuwa mwembamba asingepita. Nilisikia makaa yakianguka sakafuni.

Mama alilitazama blanketi lile, alilolipa mgongo kila siku alipokuwa hapa. Nadhani aliona kwamba kwa blanketi mtu anaweza kuongea bila kuonana. Akakohoa.

"Mkwe wangu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimeolewa.

"Naam, Mama." Sauti ilitoka ndogo sana.

"Samli yangu ilifika Thika salama?"

Munyao alianza kucheka, na nadhani aliziba mdomo kwa kofia. Yule mume wangu wa maneno, redio ya Ruiru nzima, alikuwa anatafuta neno na hakulipata.

"Ilifika, Mama," akasema mwishowe. "Na ikarudi."

"Basi," mama akasema. "Siku nyingine ukitaka kitu kwangu, kitaje jina."

Akamchukua mtoto mgongoni kwangu, akampakata, na kumwomba Ndunge maji ya kunywa.